Niliandika Kisarawe

Ipo Ijumaa moja ambayo siwezi kuisahau, mwanangu, na nataka uijue kabla hujazoea kiti chako kipya. Umeniambia umepata kazi kitengo cha manunuzi cha chuo kikuu. Nimefurahi, na nimeogopa kidogo. Mimi nimekaa stoo ya chuo karibu maisha yangu yote ya utu uzima, hapa Kibaha, na niliyoyaona yananitosha.

Ijumaa hiyo asubuhi lori la kuni liliingia kwa lango la nyuma, lile la jikoni. Likasimama, na dereva hakuzima injini.

Nilikuwa kijana bado, karani wa stoo, mwaka wangu wa pili kazini. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na matokeo yake sikuyatundika ukutani. Lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nadhani ndiyo sababu waliniweka kwenye kamati ya mapokezi. Kamati hiyo utaikuta na wewe. Kitu chochote kinachonunuliwa na chuo, kiwe chaki, kiwe nyama, kiwe kitanda cha bweni, watu watatu wanatakiwa wakitazame kabla hakijaingia, kisha wasaini hati inayosema tumekagua na tumeridhika. Siku ile wenzangu wawili walikuwa wameshasaini tangu Alhamisi, lori likiwa bado halijatoka lilikotoka. Halikuwa jambo la ajabu. Hati zilikuwa zikisainiwa hivyo. Nilibaki mimi tu.

Aliyeleta kuni ni mzabuni mmoja wa Mlandizi, tumwite Shomari. Mtu mcheshi, kanzu safi, kila mtu chuoni alimpenda. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko za wenzake wote, na jikoni hapakuwa na kuni tangu Jumatano. Wapishi walikuwa wanachoma viti vibovu.

Nilikanyaga gurudumu nikapanda kutazama. Yalikuwa magogo ya mkwaju, mazito, mabichi bado, katikati meusi yenye wekundu. Watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema kwamba walihisi kitu, nywele zikasimama, mwili ukapata baridi. Mimi sikuhisi chochote. Nilihesabu magogo ya safu ya juu, nikakisia ya chini, nikashuka.

Kwenye hati palikuwa na nafasi moja tupu: mahali kuni zilipovunwa.

"Shomari, hapa hukujaza."

"Andika tu Kisarawe, dada yangu."

"Kisarawe wapi?"

"Kisarawe kwenu. Wewe si mtu wa huko? Kwani kwenu pori limeisha?" Dereva akacheka kwenye usukani, Shomari akaongeza: "Au unataka nikuletee na jina la babu yake mti?"

Na mimi nikacheka. Nikaandika Kisarawe, kwa mwandiko wangu mzuri, kisha nikasaini chini yake. Sikupewa kitu, mwanangu, hata soda. Ningekuwa nimepewa kitu ningekuwa na cha kujilaumu kinachoeleweka. Nilisaini kwa sababu injini ilikuwa inanguruma, na wali wa wanafunzi ulikuwa unasubiri, na sikutaka Shomari anione msumbufu.

Jumanne iliyofuata niliitwa jikoni. Mpishi mkuu alikuwa Mama Neema, mama wa makamo kutoka Iringa, mtu mpole asiyepandisha sauti hata sufuria ikimwagika. Nilimkuta amesimama nje, penye kupasulia kuni, na wapishi wenzake wamejitenga wamekaa ukutani, mikono mapajani. Moto ulikuwa umezimwa saa nne ya asubuhi, na wanafunzi wanakula saa saba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hawa, chukua shoka upasue hili gogo."

Nilidhani ananitania. Nilipoona hacheki, nikachukua shoka. Pigo la kwanza likaingia vizuri. La pili likagonga chuma. Lilitoa mlio mdogo, kama wa kijiko kikigonga kikombe, lakini ulitoka ndani kabisa ya mti.

"Endelea," akasema Mama Neema.

Gogo lilipofunguka, katikati yake palikuwa na kikombe. Kikombe cha bati, kile cha rangi nyeupe chenye ukingo wa buluu. Mti ulikuwa umekimeza. Nyuzi za mti zilikuwa zimekizunguka na kukibana pande zote, zimeingia hadi kwenye mkono wake, na ndani ya kikombe mlikuwa mmejaa mti, kama uji ulioganda.

"Hicho ni cha tano," Mama Neema akasema. Akanionyesha vinne alivyovipanga juu ya ukuta. Kimoja kilikuwa kidogo, cha mtoto.

 Mpishi mmoja, kijana wa Maili Moja aliyekuwa na mdomo kuliko wote, akajaribu kucheka. "Labda mti ulikuwa na kiu." Hakuna aliyemfuata, naye akainamisha kichwa.

"Hawa, hizi kuni zimetoka wapi?"

"Kisarawe."

"Kisarawe wapi?"

 Swali lile lile nililomuuliza Shomari sasa lilikuwa limesimama mbele yangu.

"Uliandika umezikagua," akasema, bado kwa upole. "Ulizikagua, au ulizihesabu? Mimi sijui mila za huku. Ila nimepika kwa kuni miaka mingi, na kuni hizi tangu Jumamosi zinalia jikoni kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuita. Nikadhani ni ubichi. Sasa sitapika tena kwa hizi. Mwambie anayetaka aje apike mwenyewe."

Hakujua mila za huku. Mimi nilizijua.

Kijijini kwa mama yangu, kata ya Marui huko Kisarawe, wazee hawakuweka jiwe kaburini. Walipanda mkwaju upande wa kichwa, na mti ulipopata matawi walitundika juu yake kikombe alichokuwa akikitumia marehemu. Masheikh walikuwa wakiwakataza, wazee wakawa wanaitikia, kisha wanaendelea. Mikwaju ilikua, ikameza vikombe, na mtu akitaka kujua nani amelala wapi alijua kwa mti: huu wa bibi, huu wa mjomba, huu mwembamba ulioinama ni wa Saidi. Saidi ni kaka yangu. Alifariki kwa degedege akiwa na miaka minne, kabla mimi sijazaliwa. Mama yangu alikwenda kwenye mti wake kila Ijumaa, akasimama, akamsalimu, akamsomea Fatiha, akarudi kuinjika chakula. Utotoni nilidhani kila mama ana mti anaokwenda kuuamkia.

Nilikitazama kile kikombe kidogo ukutani. Siwezi kukuambia kilikuwa cha Saidi. Vikombe kama vile viliuzwa kila duka. Sijui mpaka leo, na nimeacha kujidai najua.

Ninachokijua ni kwamba kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu tulipika kwa zile kuni. Wanafunzi walikula, wakatoka na vitabu vyao. Mimi nilikula. Nilikula wali na maharage, nikaongeza sahani.

Sikusubiri mwisho wa wiki. Niliomba ruhusa, Jumatano nikapanda basi Maili Moja, nikabadilisha magari mara mbili, na mwendo wa mwisho nikautembea kwa miguu. Nilifika kijijini adhuhuri, jua liko juu ya utosi. Nyumba ya mama ilikuwa wazi, chungu kiko jikoni, moto umekufa. Nikajua alipo.

Mwanangu, mahali nilipopazoea palikuwa na kivuli kizito hata mchana, na ndege wengi. Siku ile nilikuta mwanga. Mwanga mtupu, na visiki, na majani ya mkwaju yaliyokauka yamefunika ardhi yote kama unga wa kahawia. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Katikati ya mwanga ule mama yangu alikuwa anatembea. Alikuwa anaweka unyayo mmoja mbele ya mwingine polepole, mikono ameinyoosha mbele, kama mtu anayetafuta mlango kwenye chumba chenye giza. Macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa anaona vizuri kuliko mimi.

Nikaita, "Shikamoo, mama."

"Simama hapo hapo," akasema bila kugeuka. "Usisogee, Hawa. Hujui umesimama juu ya nani."

Nikasimama.

"Mimi nimeshamkanyaga mtu," akasema. "Sijui ni nani. Nimemwomba radhi bila jina."

Akanieleza kutoka pale alipo, nami nikamsikiliza kutoka pale nilipo, hatua kama ishirini kati yetu, hakuna aliyethubutu kumfuata mwenzake. Walikuja watu na misumeno ya mashine, wakati watu wengi wako mashambani. Walikuwa na karatasi iliyosema lile ni pori lisilo na mwenyewe. Wazee waliokuwepo walitaka kukataa. Wale watu wakasema kuni zinakwenda chuoni Kibaha, kuwapikia watoto wanaosoma, na mkubwa wa chuo anazisubiri.

"Tukanyamaza," mama akasema. "Nani atasema watoto wa watu wasipikiwe? Tukasema labda watakata mmoja, miwili, ya pembeni. Na wakikata watabakiza visiki, tutahesabu kwa visiki. Wamepita na mashine nyingine wameng'oa vile vikubwa, wakasawazisha njia ya lori. Visiki hivi unavyoviona si vya makaburi. Ni vya vichaka."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Hata mama alijua mimi niko stoo tu, natunza sabuni na karatasi. Lakini nilikuwa nimesimama juu ya mtu nisiyemjua, na uwongo haukunitoka.

"Mama, kuni zile nilizipokea mimi. Karatasi ya kupokea nimesaini mimi."

 Upepo haukuwepo, ila yale majani makavu yalikuwa yanajisogeza taratibu kwenye ardhi, kama kuna anayegeuka usingizini. Nasema nilichokiona. Labda walikuwa mchwa.

"Karatasi ilisema nini?" mama akauliza.

"Ilisema nimezikagua, na nimeridhika."

"Uliridhika?"

Hakuniuliza kwa hasira. Aliniuliza kama alivyozoea kuniuliza kama nimekula. Nami sikupata jibu la kumpa hata siku moja, ingawa aliishi miaka mingi baada ya hapo.

Kisha akasema, "Basi njoo unisaidie kumtafuta Saidi. Pita kwa ncha za vidole."

Tulimtafuta mpaka alasiri. Mama alikuwa anakumbuka: hatua kumi na mbili kutoka kwa bibi, mkono wa kulia wa mjomba. Lakini bibi hakujulikana yuko wapi, wala mjomba. Alikuwa akichomeka kijiti ardhini, anasimama, anafungua mdomo asalimu, kisha anatikisa kichwa na kukichomoa. Mara ya mwisho alikichomeka akakiacha kwa muda mrefu. Akasema, "As-salaam alaykum, Saidi." Akasikiliza. Nikamwona uso wake unabadilika, kama mtu aliyepiga hodi ikaitika sauti ya mgeni. Akakichomoa kile kijiti, akakivunja, tukarudi nyumbani.

Niliporudi Kibaha nilimweleza mkuu wangu kila kitu, nikaandika na barua. Kuni zilizobaki hazikuchomwa. Shomari alipigiwa simu, akasema na yeye aliuziwa, karatasi anazo. Alikuwa nazo kweli, zote zina mihuri. Hakuna aliyefukuzwa kazi, hata mimi. Chuo kikaacha kununua kuni kwake, na baada ya muda jiko likabadilishwa likawa la gesi. Vile vikombe Mama Neema alivifunga kwenye kanga yake mwenyewe akanipa, nikavipeleka kijijini, wazee wakavizika pamoja mahali pamoja, kwa kuwa hakuna aliyejua wapi pa kuvigawa.

Kuanzia hapo nilikuwa nauliza kila kitu kimetoka wapi. Sabuni, mchele, mbao, mchanga wa ujenzi. Wenzangu waliniita Bi Wapi. "Bi Wapi, karatasi hizi za choo zimetoka kaburi gani?" Nilikuwa nacheka nao. Kuchekwa hakuniumizi. Wazabuni wengine walikasirika, wengine wakazoea, na wachache walianza kuja na majibu kabla sijauliza. Lakini sikujisifu, na wewe usinisifu. Nilijifunza kuuliza baada ya kitu kuisha.

Nimekaa na hadithi hii miaka yote. Nimeitoa sasa kwa sababu mama yangu amefariki, bado hatujafika arobaini yake, na nimeona mwisho wa ile sahihi yangu.

Alikuwa ametuusia jambo moja tu. Alitaka alazwe karibu na Saidi. Hakusema ubavuni, alijua haiwezekani. Alisema, "Humo humo ndani, mnilaze, nitamtafuta mwenyewe."

Siku ya mazishi wanaume walikwenda kuchimba. Sisi wanawake tulibaki uani na maiti yetu, na kwa kuwa pale si mbali, tulikuwa tunayasikia majembe. Yalianza asubuhi. Tukasikia yanachimba, yanachimba, kisha yakanyamaza yote kwa mpigo. Tukasikia udongo unarudishwa. Tulitazamana. Baada ya muda yakaanza tena, upande mwingine kidogo. Yakanyamaza. Udongo ukarudishwa. Mama mmoja akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na wengine wakaitikia. Mara ya tatu yalichimba kwa muda mrefu sana, nikaanza kushukuru moyoni. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama juu ya shuka. Yakanyamaza.

Mjomba Kondo, mdogo wake mama, alikuja mwenyewe mpaka uani, udongo umemfika magotini. Ni mzee sasa.

"Hawa," akasema, "kila tunapochimba kuna mtu. Hatuwezi kuendelea kuwaamsha. Nataka ruhusa yako tumlaze pembeni, kule njiani."

Nikampa ruhusa. Ningefanya nini? Mama yangu amelazwa pembezoni, peke yake, palipokuwa njia ya lori. Mpaka wanamaliza jua lilikuwa linaelekea magharibi, na mjomba aliporudi alinawa miguu muda mrefu kuliko kawaida. Alikaa karibu yangu, akasema, "Tumemsomea. Lakini ameangalia kwa wenzake kama mgeni aliyesimama mlangoni." Kisha akanyamaza, kwa sababu alikumbuka anaongea na nani.

Sasa nisikilize, mwanangu. Wewe utakaa ofisini, na mbele yako zitaletwa karatasi zenye bei na idadi na mihuri. Bei itazame, ni wajibu wako, fedha ya chuo ni ya watu. Ila usiishie hapo. Kila unachonunua kimeondoka mahali fulani, na pale kilipoondoka pamebaki nafasi, na kuna mtu anaizunguka nafasi hiyo. Uliza ni nani. Ukinunua madawati, uliza msitu. Ukiajiri kampuni ya kufagia mabweni, usimsikilize mwenye kampuni peke yake. Nenda kwa wale akina mama wanaofagia, waulize wanapumzikia wapi mchana na dawa ya vyooni wanaishika kwa kitu gani. Ukiambiwa kitu kinatoka Kisarawe, uliza Kisarawe wapi, na ukichekwa, uliza tena. Pale nilipokosea ni pale nilipouliza mara moja nikaridhika na kicheko.

Na nafasi tupu kwenye hati usiijaze kwa niaba ya mtu. Iache iwe tupu, lori lisimame, injini ingurume, wanafunzi wachelewe kula. Watakula jioni. Mambo mengine hayana jioni yake. Wala usifanye jambo kwa kuwa limesemwa ni kwa faida ya wanaosoma. Wazee wa kijijini kwetu walinyamaza kwa kuliheshimu jina la chuo. Ukibeba jina hilo, libebe ukijua kuna watu watakaolifungulia njia kwa heshima tu, hata likija kuwachukulia cha mwisho walichonacho.

Kama umeshakosea, sema mapema, ukiwa umesimama hapo hapo ulipo. Haitarudisha kitu. Ila utaweza kushika mkono wa mama yako siku ya mwisho bila kuuficha wako.

Mungu akuweke katika kazi hiyo salama. Akupe mkono mzito wa kusaini na ulimi mwepesi wa kuuliza, na akujalie kila utakachokipokea kiwe kimetoka kwa mtu aliyekitoa kwa moyo wake. Na siku yako itakapofika, baada ya miaka mingi, watu wako wachimbe mara moja tu.